Nilimpa nyota moja kijana asiye na kosa

Kama umewahi kusimama langoni kwako usiku, simu sikioni, ukisikiliza muziki wa duka ambalo halipokei simu, huku wageni wako wameketi sebuleni wakiificha njaa kwa adabu, basi haya nitakayosimulia leo si mageni kwako. Na kama hayajakufika, soma vivyo hivyo. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kwanza nieleweke. Mimi si mtu wa kuchukia mambo mapya. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, nimelipa karo, kodi na hata mchango wa kanisa kwa simu, wala sijawahi kulalamika. Fauka ya hayo, mimi nilipenda supamaketi tangu utotoni. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, akiishi Makongeni hapa Nairobi, nasi watoto tulibaki na Mama huko Wundanyi, katika milima ya Taita. Tulipokuja likizo, zawadi kubwa kuliko zote ilikuwa kupelekwa mjini siku ya mshahara tukaingie supamaketi. Enzi hizo Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975 na mashirika ya serikali, ndiyo iliyokuwa gumzo. Tulistaajabu kwamba mtu aweza kuingia dukani, ajichukulie kitu rafuni kwa mkono wake bila kumwomba muuzaji, na asiitwe mwizi. Baba alisukuma kigari pole pole, kifua mbele, kana kwamba anaendesha garimoshi la Mombasa. Ile mifuko ya plastiki Mama aliikunja na kuihifadhi chini ya godoro, na nadhani mingine ilikuwa bado iko huko mifuko ya aina hiyo ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017.

Nasema hayo ili ujue kwamba kila kizazi kina ajabu yake ya duka. Ya baba yangu ilikuwa kujichukulia. Yangu mimi ikawa kutokwenda kabisa.

Wengi wetu tulijifunza mambo haya mwaka wa 2020, baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini tarehe 13 Machi na kafyu kufuata wiki mbili baadaye. Mimi wakati huo nilijikaza, nikapanga foleni na barakoa yangu. Kilichonishinda hatimaye hakikuwa korona bali ni uchovu. Mke wangu ni muuguzi, na zamu zake za usiku hazijui Jumamosi wala Krismasi. Mimi hutoka ofisini saa kumi na moja jioni na kufika Buruburu saa moja au saa mbili, kulingana na hali ya magari barabarani. Kisha mwaka jana Mama alikuja kuishi nasi kwa muda, kwa sababu sukari yake ilikuwa imempanda na daktari alitaka kumwona kila mara. Nyumba ikaongezeka mlo wa aina ya pili: unga wa kahawia, maziwa yasiyotiwa sukari, mboga za kijani kila siku.

Binti yangu, aliye chuo kikuu, alinihurumia. Jioni moja alichukua simu yangu, akaingiza programu ya supamaketi moja kubwa, akanionyesha. “Baba, unabonyeza picha, unalipa, unaletewa. Umemaliza.”

Na kwa yakini, mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Nilinunua unga, sabuni na mafuta ya kupikia nikiwa ndani ya matatu, nimesimama, mkono mmoja juu umeshika chuma. Nilipofika nyumbani, mfuko ulikuwa umenitangulia. Nilijiona mtu mkubwa. Nikaacha kupita kwenye kibanda cha Mama Mboga pale kona ya barabara yetu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika madeni yangu katika daftari lake la kurasa themanini. Sikumuaga. Nilianza tu kupitia upande wa pili wa barabara.

Kichekesho cha kwanza kilikuwa cha kitunguu. Nilibonyeza picha ya vitunguu, nikaandika 1, nikiamini kwamba ni kilo moja. Kijana wa pikipiki akaja na mfuko mkubwa wa kitambaa, na ndani yake, peke yake kama mfalme, kitunguu kimoja. Binti yangu alicheka hadi akakaa chini. Mama aliuliza, kwa unyofu kabisa, kama siku hizi Nairobi vitunguu hupandishwa pikipiki kimoja kimoja.

Tulicheka, yakaisha. Lakini vichekesho vilipozidi vikaacha kuchekesha. Nyanya zilizokuwa nyekundu na ngumu pichani zilifika zimepasuka, kwa sababu aliyezifunga aliziweka chini ya pakiti mbili za unga. Maziwa yalikuja yakiwa yamebakiza siku moja tu kuharibika, jambo ambalo mnunuzi aliye dukani hulikwepa kwa kuingiza mkono nyuma ya rafu. Mkate ukawa umekwisha. Bei ya mwisho ikaongezeka ada ya kuletewa, kisha ada nyingine iitwayo ya huduma, ambayo sikuwahi kuelewa ni huduma gani iliyobaki baada ya ile ya kuletewa.

Halafu kuna jambo la kubadilishiwa bidhaa. Ukiagiza kitu nacho kimekwisha, duka hukuchagulia kinachofanana nacho. Msomaji, nani huamua kwamba vitu viwili vinafanana? Jumanne moja niliagiza yogati isiyo na sukari kwa ajili ya Mama. Nilikuwa kazini. Oda ilipofika, Mama mwenyewe ndiye aliyeipokea, akaitia jokofuni, na saa kumi akajimiminia kikombe kama alivyozoea. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Aliona rangi ya waridi, akadhani ni mtindo mpya. Niliporudi nilimkuta amejilaza akilalamika kiu, naye mke wangu, aliyekuwa akijitayarisha kwenda zamu, akamdunga kidole na kupima damu. Kipimo kilisoma 15. Tulikaa naye usiku kucha tukimpa maji na kumpima kila baada ya saa mbili, na mke wangu akachelewa kazini. Asubuhi ilikuwa imeshuka, tukamshukuru Mungu. Kilichokuwa kimeletwa ni yogati ya stroberi yenye sukari. Kwenye risiti kuliandikwa: bidhaa mbadala.

Nilipeleka lalamiko kupitia simu. Nikajibiwa papo hapo: “Habari! Mimi ni msaidizi wako. Chagua moja kama ungependa kujua saa za kufungua.” Nilichagua moja, mbili, tatu hadi sita. Hakuna nambari iliyokuwa ya mtu aliyemlisha mama mgonjwa sukari.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi sikuacha, kwa sababu uvivu ukishaingia nyumbani huvua viatu. Nikajiambia kwamba nitakuwa makini zaidi. Ndipo ikaja ile Jumamosi.

Dada wawili wa Mama pamoja na kaka yake, mzee wa miaka themanini na mmoja, walikuwa wameamua kuja kumjulia hali. Wangepanda treni Voi asubuhi, washuke Syokimau alasiri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mjomba kufika kwangu tangu nioe, naye ndiye aliyesimama mahali pa baba yangu siku ya posa. Nataka uelewe uzito wake. Kwetu, mzee kama huyo akitoka kwako bila kula vizuri, habari hizo hupanda milima ya Taita kabla yake.

Ijumaa usiku niliagiza kila kitu kwa simu: nyama kilo tatu, kuku wawili, mchele kilo tano, unga, viazi, vitunguu kilo mbili (nilikuwa nimejifunza), matunda, na yogati ile isiyo na sukari. Jumla ilikuwa shilingi 6,740. Nikaingiza nambari ya siri, pesa zikakatwa. Lakini programu ikaniandikia kwamba malipo hayakupokelewa na nijaribu tena. Ilikuwa mwisho wa mwezi na mshahara ulikuwa umeingia siku hiyo hiyo, nikajaribu tena. Zikakatwa tena. Mara hii oda ikakubaliwa. Shilingi 6,740 za kwanza zikawa zimekwenda nisikokujua.

Niliahidiwa mzigo kati ya saa saba na saa tisa mchana. Saa tisa ikapita. Saa kumi, programu ikasema oda inaandaliwa. Saa kumi na moja wageni wakashuka kwenye teksi, mjomba akiegemea mkongojo, tukakumbatiana, tukaomba, tukawapa chai. Chai ya mkandaa, kwa sababu maziwa yalikuwa kwenye oda. Mke wangu alikuwa kazini. Binti yangu alinitazama kutoka mlango wa jikoni, nami nikamtazama, na sote wawili tulijua kwamba jikoni hakukuwa na kitu ila chumvi na nusu pakiti ya unga wa ugali.

Nikatoka nje, nikaanza kulipigia simu lile duka. Muziki. “Simu yako ni muhimu kwetu.” Muziki. Nilisubiri dakika ishirini, ikakatika. Nikapiga tena. Nilipiga tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili na ushei usiku, na mvua ikaanza kunyesha.

Katikati ya hayo, binti yangu alifanya jambo ambalo mimi nilikuwa nimeona haya kulifanya. Alikwenda kwa Mama Mboga. Sijui alimwambia nini. Nilichoona ni wote wawili wakirudi chini ya mwavuli mmoja, wamebeba sukuma wiki, nyanya, vitunguu, dhania, viazi, trei ya mayai, maziwa na pakiti ya unga aliyoitoa nyumbani kwake mwenyewe. Daftari lilikuwa kwapani. Alilifungua jikoni, akapekua hadi akapata jina langu, akaandika chini ya mstari wa zamani kana kwamba miezi minane haikuwahi kupita. Kisha akaniambia, “Baba Nyumba, wageni hawali simu.” Akaondoka.

Basi mjomba wangu, aliyesafiri kutoka Wundanyi, alikula ugali kwa mayai na sukuma wiki. Alikula vizuri, akashukuru. Lakini mimi nilimwona akitazama meza mara moja, kisha akatazama kando.

Ilipata saa mbili na nusu pikipiki iliposimama langoni. Kijana akashuka, amelowa chapachapa, maji yakimtiririka kutoka kwenye kofia ya chuma. Umri wake haukuzidi miaka ishirini na mitatu. Alitoa mifuko miwili. Nilifungua hapo hapo chini ya taa ya lango. Mchele ulikuwemo. Kuku hawakuwemo. Matunda hayakuwemo. Na mahali pa nyama kilo tatu, palikuwa na pakiti tatu za vipande vya soya. Bidhaa mbadala.

Ndugu msomaji, yale niliyomwambia yule kijana siwezi kuyaandika katika jarida linalosomwa na watoto. Nilimwita mwizi. Nilimwita mzembe. Nilimuuliza kama kwao wageni hulishwa soya. Majirani walifungua madirisha.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Samahani, mzee. Mimi nimepewa mzigo saa moja usiku ukiwa umefungwa. Ramani ilinipeleka Fezi ya Tatu. Nimekupigia simu mara nne, kila mara inatumika.”

“Mwongo!” nikasema. “Beba takataka zako urudishe.”

“Mzee, duka limefungwa. Nikibaki na mzigo nitaambiwa niulipe. Ngoja nipige simu.”

Akatoa simu yake ndani ya mfuko wa plastiki aliokuwa ameizungushia, akabonyeza nambari, akaiweka kwenye kipaza sauti ili nami nisikie. Ukatoka muziki. Muziki ule ule. “Simu yako ni muhimu kwetu.” Tukasimama pale, mimi chini ya paa la lango na yeye kwenye mvua, tukisikiliza wimbo mmoja, wala hakuna aliyejua anamsubiri nani.

Mama ndiye aliyevunja ukimya. Alikuwa ametoka pole pole na leso yake kichwani. “Mwanangu,” akaniambia, “huyu mtoto amelowa. Na wewe unapiga kelele.” Akampa kikombe cha chai. Kijana alikinywa akiwa amesimama, akasema asante nyanya, akawasha pikipiki, akaenda. Mifuko ilibaki kwangu.

Ungedhani kwamba hapo moyo wangu ulilainika. La hasha. Nilipoingia kitandani, simu iliniuliza: huduma ilikuwaje? Chini yake palikuwa na nyota tano. Nikabonyeza moja. Palikuwa na nafasi ya kuandika, nikaandika: mchelewaji, tena mkaidi. Nikalala nikiwa nimeridhika. Nilikuwa nimempata hatimaye mtu wa kulaumu.

Asubuhi yake, nikitafuta saa, nilikuta ujumbe mwingi ambao sikuwa nimeufungua. Minne ilitoka kwenye kampuni ya simu, ikinijulisha kwamba nambari fulani ilinipigia nikiwa naongea: saa moja na dakika kumi na saba, saa moja na nusu, saa moja na dakika hamsini na moja, saa mbili na dakika nane. Kila moja ya saa hizo nilikuwa nikisikiliza muziki wa duka. Kijana alikuwa amesema kweli tupu. Niliyekuwa nikimzuia asifike ni mimi mwenyewe, kwa kumtafuta.

Nilijaribu kuifuta ile nyota. Haifutiki. Nilijaribu kumpigia simu. Nambari ile ilikuwa ya programu, hufanya kazi wakati wa safari tu, kisha hufa.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwenye tawi lililonihudumia. Huko ndiko nilikofunguliwa macho, na nataka nikueleze nilivyoelezwa, kwa sababu wengi wetu tunanunua kwa njia hii bila kujua nyuma ya picha kuna nini.

Nilidhani kuna ghala kubwa lenye mashine. Hakuna. Kuna wasichana wawili wenye aproni, kila mmoja na kigari na simu, wanaopita kwenye rafu zile zile wanazopita wateja wengine. Mmoja wao aliniambia kwamba Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi walikuwa na oda zaidi ya thelathini mikononi. “Tarakilishi inasema kuku wako kumi,” akanieleza, “lakini wanane wamo ndani ya vigari vya watu ambao hawajafika kwa keshia. Tarakilishi haijui hadi walipe. Nikifika rafuni, hakuna.” Akikosa kitu, simu humpa orodha ya mbadala, naye hana muda wa kutafakari kama nyama na soya ni ndugu. Tena alinionyesha kwenye programu yangu kisanduku kidogo kinachosema nakubali kubadilishiwa. Kilikuwa kimetiwa alama ya ndiyo tangu siku ya kwanza. Hakikutiwa na mimi.

Nikamwona meneja. Alikuwa mtu mpole. Kuhusu zile pesa zilizokatwa mara mbili, alisema zitarudi kama alama za kununulia katika duka lao. Kuhusu kijana, alinyoosha mikono. “Wale wa pikipiki si wetu. Ni kampuni nyingine.” Kampuni ya ramani nayo ni nyingine, na wanaopokea simu wako kwingine. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumwelekezea kidole, na mwisho wa vidole vyote alikuwepo kijana kwenye mvua, kwa sababu yeye ndiye pekee mwenye uso.

Nje, chini ya mti, nilikuta vijana kadhaa wameegesha pikipiki wakisubiri kuitwa. Niliwauliza. Walinieleza kwamba hulipwa kwa safari, si kwa saa. Dukani wanaposubiri mzigo ufungwe hawalipwi chochote, na petroli ni juu yao. Nikawauliza kuhusu nyota. Wakatazamana. Mmoja akasema, “Nyota zikishuka, kazi hupungua. Simu inaanza kuita wengine.” Niliwaeleza jinsi kijana wangu alivyokuwa, nao wakaniambia kwamba kila mtu aliyelowa hufanana.

Nitakwambia niliyojifunza, nawe uyapime.

Kwanza, pesa zetu zina haki. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, na kulindwa afya yake na maslahi yake ya kiuchumi. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012, nayo imegusia mikataba inayofanywa kwa intaneti: muuzaji anapaswa kukupa nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na ya kusahihisha makosa kabla hamjafunga mkataba. Nilipomwandikia yule meneja barua ya ukurasa mmoja, nikataja kifungu hicho na kusema kwamba hatua yangu ya pili ni kwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi, alama za kununulia ziligeuka kuwa pesa halisi baada ya siku kumi na mbili. Hifadhi ujumbe wa malipo. Piga picha ulichoagiza na ulicholetewa. Andika barua, usipige kelele.

Pili, kikague kile kisanduku cha kubadilishiwa na ukitoe alama, hasa kama nyumbani kuna mgonjwa, mtoto mchanga au mtu anayedhuriwa na chakula fulani. Chakula cha mgonjwa kinunuliwe kwa macho.

Tatu, usiweke karamu yako mikononi mwa simu. Sabuni ikichelewa, shati litasubiri. Mjomba wa miaka themanini na mmoja hasubiri.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Zamani, hasira ya mnunuzi ilikuwa na mlango wa kuingilia. Nyanya za Mama Mboga zikioza, unamrudishia yeye, naye anakubadilishia huku akikutania. Baba yangu alipouziwa unga wenye wadudu, alirudi na pakiti hadi kwa aliyemuuzia. Sasa duka limegawanyika vipande vipande, na kila kipande kina mlinzi. Kilichobaki wazi ni mtu wa mwisho kabisa, yule mnyonge kuliko wote, na mkononi tumepewa rungu la nyota tano. Tunampiga kwa makosa ya wakubwa wasioonekana, kisha tunalala. Wenye duka hawakuisikia sauti yangu usiku ule. Aliyeisikia ni mtoto wa mtu.

Siku hizi bado nanunua kwa simu, sitakuficha: unga, sabuni, karatasi za chooni. Mboga, maziwa na mayai nimerudi kwa Mama Mboga. Nililipa deni langu, na siku niliyolipa hakusema neno, alinirushia tu fungu la dhania juu ya mboga, bure. Wanangu nao nimewawekea amri: hakuna kubonyeza nyota usiku, wala ukiwa na njaa, wala kabla hujauliza kosa ni la nani.

Mama amekwisha kurudi Wundanyi, sukari yake imetulia. Hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Baada ya salamu na habari za watoto, huuliza swali lile lile: “Na yule mtoto aliyelowa, umemwona tena?”

“Bado, Mama,” humjibu.

“Mtafute,” husema.

Namtafuta. Kila pikipiki inaposimama langoni naangalia kwanza uso ulio ndani ya kofia, kisha ndipo naangalia mfuko. Nawe msomaji, iwapo ni wewe uliyeleta mchele na soya Buruburu Jumamosi ile ya mvua, chai yako iko tayari. Mara hii utainywa ukiwa umeketi.